Gurudumu la meno ndilo jicho la kompyuta ya injini

MWENYE gari la zamani huenda akashawishika kuing'oa kabureta na mahali pake kuweka injekta zinazoongozwa na kompyuta. Faida ya mageuzi hayo ni bayana. Kabureta iliyorekebishwa Mombasa, kandokando ya bahari, humimina petroli kupita kiasi gari lifikapo Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa hupungua kwa karibu moja ya tano. Kompyuta hupima hewa na joto, kisha ikakadiria petroli inayohitajika.

Hata hivyo, kompyuta hiyo haiwezi kutoa petroli wala cheche kwa wakati ufaao pasipo kujua jambo moja: mhimili wa injini, ambao mafundi huuita kranki, umefika wapi katika mzunguko wake. Injini nyingi za kabureta hazikuundwa na kifaa cha kuiarifu. Kwa hivyo, fundi hulazimika kuunda gurudumu la meno. Kipande hicho kikichongwa kwa uzembe, gharama yote ya mageuzi huweza kuambulia patupu, na injini yenyewe ikaharibika.

Kazi ya pengo

Gurudumu hilo ni kisahani cha chuma chenye meno yaliyopangwa kwa umbali sawa ukingoni. Hufungwa kwenye kranki ili vizunguke pamoja. Kando yake huwekwa kihisi, kifaa kidogo kinachotoa ishara ya umeme kila jino linapopita.

Jino moja au mawili huondolewa makusudi. Kompyuta hupima muda kati ya jino na jino. Muda huo ukirefuka ghafla, hutambua kwamba pengo limepita, na kuanzia hapo huhesabu meno ili kujua mahali hasa ilipo kranki.

Mipangilio miwili imeenea. Kampuni ya Ford, katika mfumo wake wa cheche uitwao EDIS, ilitumia nafasi 36 zenye pengo la jino moja, kila nafasi ikiwa digrii 10. Mifumo ya Motronic ya kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilieneza nafasi 60 zenye pengo la meno mawili, kila moja digrii 6. Kompyuta zinazopendwa na mafundi wa kujiundia, mathalani MegaSquirt iliyobuniwa na Wamarekani Bruce Bowling na Al Grippo, huweza kusoma mipangilio yote miwili.

Kwa nini usahihi unahitajika? Injini ikienda kwa kasi ya mizunguko 6,000 kwa dakika, kranki huzunguka mara 100 kila sekunde. Katika sehemu moja ya elfu ya sekunde, huwa imesonga digrii 36.

Chuma na vipimo

Kihisi cha sumaku na koili, ambacho huzalisha umeme wake chenyewe, huhitaji chuma kinachovutwa na sumaku. Alumini na plastiki hazifai kabisa. Chuma cha kawaida chenye unene wa milimita 4 hadi 6 hutosha.

Kipenyo nacho kina uzito wake. Gurudumu la milimita 150 lina mzingo wa milimita 471; ukigawanywa kwa 36, kila nafasi ni milimita 13.1, ambapo nusu huwa jino na nusu uwazi. Kwenye ukingo huo, digrii moja ni milimita 1.3. Gurudumu likiwa dogo, kosa lile lile la milimita huwa kubwa zaidi kwa digrii, na ishara nayo hudhoofika, hasa wakati injini inawashwa na kranki ingali inajikokota.

Kukereza na kuchonga

Njia rahisi ni kuchora gurudumu kwa kompyuta na kulikata kwa mashine ya leza. Asiye na mashine hiyo hutumia ya kukereza na ya kuchonga. Tundu la katikati na ukingo wa nje vikerezwe kwa mfungo mmoja, bila kuondoa kipande mashineni, ili viwe na kitovu kimoja.

Baadaye meno huchongwa kwa msaada wa kifaa cha kugawanya duara. Kifaa cha uwiano wa 40 kwa 1 ni kile ambacho mpini wake huzungushwa mara 40 ili kipande kizunguke mara moja. Kwa nafasi 36, mpini huzungushwa mara moja na kusongezwa matundu mawili zaidi kwenye duara la matundu 18. Kwa nafasi 60, husongezwa matundu 12 kwenye duara lilo hilo. Meno yote yakishakamilika, ndipo moja hukatwa ili kuacha pengo.

Kosa linalotibika na lisilotibika

Hapa ndipo wengi hukosea. Iwapo pengo limekaa digrii chache mbele au nyuma ya mahali palipokusudiwa, hakuna hasara kubwa: tofauti hiyo haibadiliki, na kompyuta nyingi za kisasa huweza kuelezwa ukubwa wake.

Lakini gurudumu lisilokaa katikati, au lenye meno yasiyolingana, halitibiki kwa programu. Chukua mfano wa tundu lililopotoka kwa nusu milimita tu. Kihisi kilichowekwa umbali wa milimita moja kutoka kwenye meno kitajikuta mara nusu milimita, mara milimita moja na nusu. Ishara itapanda na kushuka katika kila mzunguko, na kompyuta huenda ikapoteza hesabu. Samaki mkunje angali mbichi. Kasoro hii hurekebishwa kwenye mashine, si kwenye gari.

Madhara yake si mzaha. Cheche ikiwaka mapema mno, moto hupambana na pistoni ingali inapanda. Injini hugonga, na hatimaye pistoni huweza kutoboka.

Kufunga na kuhakiki

Puli nyingi za kranki zina mpira kati ya kitovu na pete ya nje. Usilehemu gurudumu kwenye pete hiyo: joto litaunguza mpira, na pete ikiteleza, hesabu yote itapotoka. Lifungwe kwenye kitovu kwa bolti imara. Kihisi nacho kifungwe kwenye bamba lisilotikisika.

Katika injini ya silinda nne inayotumia mfumo wa EDIS, pengo hupita mbele ya kihisi digrii 90 kabla ya pistoni ya kwanza kufika kilele. Mpangilio huo una busara, kwani karibu na kilele kranki hupunguza mwendo pistoni inapobana hewa, na kompyuta ingeweza kudhani upungufu huo ni pengo.

Ifahamike pia kwamba injini ya mipigo minne hukamilisha kazi yake kwa mizunguko miwili. Gurudumu la kranki pekee haliwezi kubainisha kama pistoni inabana hewa au inatoa moshi. Ndiyo maana mifumo mingi huwasha plagi mbili pamoja, cheche moja ikipotea bila madhara.

Mwisho, hakiki kwa taa ya kupimia cheche. Thibitisha kwanza kwamba alama ya puli inaonyesha kilele halisi cha pistoni. Amuru kompyuta itoe cheche katika digrii 10 pasipo kubadilika, kisha ongeza kasi taratibu. Alama ikitulia, kazi imefaulu. Ikihamahama kadiri kasi inavyopanda, kagua nyaya za kihisi, kwani zikigeuzwa kompyuta husoma ukingo usiofaa wa jino. Gari lisipelekwe barabarani kabla alama hiyo haijatulia.