Mkono Uliosahauliwa: Chimbuko la Tiba ya Mazoezi ya Kazi Baada ya Kiharusi

Mwaka 1895 wanasayansi wawili wa Uingereza, Mott na Sherrington, walikata mizizi ya neva za hisia za mkono mmoja wa tumbili. Neva za mwendo hawakuzigusa. Hata hivyo, tumbili aliacha kabisa kuutumia mkono ule, nao wakahitimisha kwamba bila hisia hakuna mwendo wa hiari. Jaribio lilikuwa sahihi, tafsiri yake ndiyo iliyokuwa na kasoro, na iliaminiwa kwa miongo mingi.

Mmarekani Edward Taub alilirudia jaribio hilo, lakini akaufunga mkono mzima. Tumbili aliyebakiwa na mkono "uliokufa" tu aliunyoosha, akachukua chakula. Kumbe mkono haukufa! Siku za mwanzo mnyama alijaribu kuutumia, akaangusha chakula, akaona mkono mwingine unatosha. Uwezo uliporudi baadaye, mazoea ya kutoutumia yalikuwa yameshaota mizizi. Taub aliona kwamba huenda mgonjwa wa kiharusi naye hupitia njia hiyohiyo.

Hapa historia hii inapoteza usafi wake. Mwaka 1981 Alex Pacheco, mwanaharakati wa haki za wanyama, aliingia kama mtu wa kujitolea katika maabara ya Taub huko Silver Spring, Maryland, akapiga picha za hali ya wanyama. Polisi wakachukua tumbili 17. Taub alitiwa hatiani kwa makosa sita ya kutowapa wanyama matibabu ya kutosha. Baadaye likabaki moja, nalo likafutwa mwaka 1983. Tuwe waangalifu: mahakama haikusema kwamba maabara ilikuwa safi. Ilisema sheria ya jimbo haikuhusu utafiti uliofadhiliwa na serikali kuu. Wanaosifu tiba hii mara nyingi huiruka sura hii, nami naona si haki.

Baadaye Taub alihamia Alabama. Mwaka 1993, yeye na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa wanne waliougua zaidi ya mwaka mmoja kabla. Mkono mzima ulifungwa kwa siku 14, na katika siku kumi za kazi mgonjwa alifanya mazoezi kwa saa sita kila siku. Mwaka 2006 utafiti mkubwa wa wagonjwa 222 nchini Marekani uliunga mkono njia hiyo, ingawa haimfai kila mtu: sharti mgonjwa aweze kunyanyua kiganja na vidole angalau kidogo.

Mazoezi yenyewe ni kazi za nyumbani: kushika kikombe, kufungua kopo, kula kwa kijiko, huku ugumu ukiongezwa polepole. Mgonjwa na anayemtunza hutia saini mkataba kuhusu kazi ambazo mkono dhaifu utazifanya bila kusaidiwa. Nadhani anayetunza ndiye mwenye kibarua kigumu zaidi, kwa maana lazima akae mezani atazame wali ukimwagika, mikono yake mwenyewe ikiwa mapajani.