Nyumba Njema si Mlango

Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango. Maneno hayo aghalabu hutumika kwa tabia za watu, lakini ukifika Lamu, ewe msomaji, utaona kuwa ni kweli pia kwa nyumba zenyewe. Utapita katika vichochoro vyembamba, baina ya kuta ndefu za mawe zenye madirisha machache, na utadhani kuwa watu wa mji huu huishi gizani. Lakini ukikaribishwa, ukapita daka na kupinda kona, ghafula utaona mwanga, upepo na mbingu. Umefika kiwandani.

Usidhani ninataja kiwanda cha mashine. Katika nyumba ya mawe ya Lamu, kiwanda ni uwanja wa ndani usioezekwa. Wengine hupanda humo asmini na mimea mingine, na nyumba yote hupata harufu yake. Watu wengi huizungushia nyumba bustani. Waamu waliizungushia bustani nyumba.

Mpango huu ni wa kale. Magofu ya Gede, ambayo James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka 1948, yaonyesha nyumba zenye nyua za ndani, nao mji ule ulihamwa kabla ya nyumba nyingi kubwa za Lamu tuzionazo leo kujengwa katika karne ya 18. Kwa nini mafundi waliushika kwa muda mrefu hivyo?

Sababu ya kwanza ni boriti. Dari ilibebwa na miti ya mikoko, na upana wa chumba haukuweza kuzidi urefu wa mti, ambao ni kiasi cha mita 3. Kwa hiyo vyumba vilikuwa vyembamba na virefu, vikafuatana kimoja nyuma ya kingine: kwanza msana wa tini, kisha msana wa yuu, kama Waamu wasemavyo, na mwisho ndani, penye zidaka za chokaa zilizopangwa vyombo vya kauri. Misana iliachwa wazi kuelekea kiwandani, ili mwanga usafiri kutoka chumba hadi chumba.

Sababu ya pili ni joto. Kuta nene za mawe ya matumbawe huchelewa kupata moto, na hewa iliyopashwa na jua hupanda na kutokea juu ya kiwanda.

Sababu ya tatu ni sitara. Wanawake wa kiungwana hawakutembea ovyo njiani. Baadhi ya nyumba ziliunganishwa kwa wikio, yaani daraja lililopita juu ya kichochoro, ili waweze kuzuriana bila kushuka chini. Kwao kiwanda kilikuwa bustani na baraza, na pengine ndipo pekee walipoona mbingu bila kuonwa na mtu.

Hapa yatupasa kusema ukweli wote, kwa maana historia isiyotaja jasho ni pambo tu. Nyumba hizi zilikuwa za matajiri, na sehemu kubwa ya utajiri huo ilitoka katika mashamba yaliyolimwa na watumwa. Sheria ya kukomesha utumwa katika pwani ya Kenya ilikuja mwaka 1907. Tukiusifu uzuri wa kiwanda, tuwakumbuke pia waliokifagia na wala hawakuwa na ruhusa ya kupumzika humo.

Mwaka 2001 UNESCO iliutia mji wa kale wa Lamu katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini orodha haizuii haja za watu. Jamaa inapoongezeka na nafasi kuwa haba, ni rahisi kukiezeka kiwanda ili kupata chumba kimoja zaidi. Chumba hicho hupatikana, lakini vyumba vingine vyote hupoteza mwanga na upepo kwa siku moja.

Basi siku moja, ewe kijana, utakapochora nyumba yako, usianze kwa kuhesabu vyumba, ukaiachia bustani makombo ya kiwanja. Uliza kwanza jua litaingilia wapi, upepo utapita wapi, na nani watakaa kivulini. Mafundi wa Lamu walikuwa na mawe, chokaa na mti wa mita 3. Kwa hivyo vichache walijua kuweka kipande cha mbingu katikati ya nyumba.