Hola (Kenya)

Hola ni mji mdogo kwenye bonde la mto Tana, mashariki mwa Kenya, na ndiyo makao makuu ya Kaunti ya Tana River. Umewahi pia kuitwa Galole, jina linalobaki kwenye eneo bunge lake.

Wapokomo hulima kingoni mwa mto, wakitegemea mafuriko kurutubisha mashamba ya mpunga, mahindi na migomba. Waorma na Wawardei ni wafugaji wanaoshusha mifugo mtoni wakati wa kiangazi. Hapo ndipo mivutano mingi ya maji na malisho huzuka. Wapokomo wa sehemu hii ya juu ya mto wengi wao ni Waislamu, tofauti na ndugu zao wa kusini, ambako wamisionari walitangulia. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 315,943 katika kaunti nzima, idadi ndogo kwa eneo lake kubwa.

Wakati wa uasi wa Mau Mau dhidi ya ukoloni wa Uingereza, serikali ya kikoloni iliweka hapa kambi ya kizuizini na kuwatumia wafungwa kuchimba mifereji ya umwagiliaji. Tarehe 3 Machi 1959 askari waliwapiga kwa marungu wafungwa waliokataa kazi, na 11 walikufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai maji waliyokunywa ndiyo yaliyowaua, uongo ulioporomoka mbele ya uchunguzi wa vifo. Mauaji hayo yalijadiliwa kwa ukali katika Bunge la Uingereza, na kambi zikaanza kufungwa.