Tenofovir na Mgonjwa Asiye na VVU: Hoja kuhusu Tiba ya Homa ya Ini B

Katika kliniki za huduma na tiba kwa wenye VVU (CTC) nchini Tanzania, anayeishi na VVU hupewa bila malipo kidonge chenye tenofovir, lamivudini na dolutegravir. Tenofovir hiyohiyo ndiyo dawa kuu ya kufubaza virusi vya homa ya ini B. Lakini mwenye homa ya ini B asiye na VVU mara nyingi hujilipia vipimo na dawa, au huambiwa aache pombe na kurudi nyumbani. Tofauti hii haina msingi wa kitabibu. Imetokana na mazoea ya kugawa fedha za afya kwa jina la ugonjwa.

Wapo wanaoitetea kwa kusema kwamba homa ya ini B haiponi. Ni kweli kwamba homa ya ini C hutibika kwa wiki 12, na zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa hupona, ilhali virusi vya B huacha vinasaba vyake ndani ya kiini cha seli ya ini, mahali ambapo dawa haifiki. Lakini VVU navyo haviponi, na hakuna anayethubutu kusema kwa sababu hiyo wagonjwa waachwe. Kufubaza virusi kunapunguza makovu ya ini na hatari ya saratani, na hilo linatosha.

Utetezi wa pili una uzito zaidi: si kila mwenye virusi anahitaji dawa, na kipimo cha wingi wa virusi ni ghali. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Machi 2024 una maana kubwa kwetu. Pale ambapo kipimo hicho hakipatikani, kimeng'enya cha ini kiitwacho ALT kikibaki juu kwa muda kinatosha kuanzisha tiba. Makovu nayo hukadiriwa kwa kimeng'enya kingine, AST, na idadi ya chembe sahani, vipimo vya kawaida vya maabara. Mwaka 2022, kati ya watu milioni 254 waliokuwa na maambukizi sugu ya B duniani, takriban asilimia 13 tu walikuwa wamegunduliwa, na asilimia 3 tu walikuwa wamepata tiba.

Tahadhari zipo. Mgonjwa apimwe VVU kwanza, kwani tenofovir peke yake huzalisha usugu kwa mwenye VVU; tena dawa ikikatishwa ghafla, ini huweza kuvimba upya vibaya. Lakini ufuatiliaji wa namna hiyo ndio ambao wahudumu wa CTC wameuzoea kuliko mtu yeyote.

Kwa mama mjamzito haraka ni kubwa zaidi, kwa kuwa takriban watoto tisa kati ya kumi wanaoambukizwa wakizaliwa hubaki na virusi maisha yao yote. Wizara ya Afya iwafungulie wagonjwa wa homa ya ini B milango ya CTC, na ianze na wajawazito.