Gemu la nyoka, magome ya mti na mshahara wangu wa Machi

Nianze kwa kuungama. Mwezi Machi mama yangu alinipigia simu kutoka Karatu akaomba elfu sitini za kulipia trekta, maana mvua zilikuwa zimeshaanza na shamba la mahindi na mbaazi lilikuwa halijaguswa. Nikamwambia, mama, mshahara umechelewa. Haukuchelewa. Ulikuwa umeingia siku sita kabla, na katika siku hizo sita nilikuwa nimeteketeza elfu themanini na tano kununua pakiti za wachezaji kwenye gemu moja la mpira la kwenye simu, jina lake nalihifadhi. Pakiti unainunua ikiwa imefungwa. Ukishalipa, ukaifungua, ndipo unajua umepata nani. Mimi nilipata mabeki wengi sana.

Ndugu msomaji, sitafuti kuonewa huruma. Ninachotaka kusema ni kwamba usiku ule, baada ya kuagana na mama, nililifungua tena gemu lile na nikagundua kuwa halinifurahishi. Nikirudi nyuma na kuhesabu, naona lilikuwa halijanifurahisha kwa muda mrefu, pengine mwaka mzima. Nilikuwa nalicheza kama mtu anavyokuna mahali panapowasha. Nikalifuta. Tangu hapo najiuliza: yale magemu ya zamani niliyoyapenda yalikuwa na kitu gani ambacho haya ya leo hayana? Jibu la haraka ni kwamba wakati ule nilikuwa mtoto na kila kitu kilikuwa kitamu. Silikatai jibu hilo, ila halinitoshi.

Baba yangu alikuwa dereva wa watalii. Sisi wa Karatu wengi tumelelewa na kreta ya Ngorongoro hata kama hatukuwahi kuteremka ndani yake. Kama mzazi si dereva basi ni mpishi wa kambi, kama si mpishi basi ana duka la kuyauzia maji ya chupa magari yanayopandisha kwenda geti la Lodoare. Mwaka 2006 hivi baba alikuwa na Nokia 1100, ile yenye tochi kichwani. Simu hiyo ilitoka mwaka 2003 na zikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani, kwa hiyo sidhani kama kuna haja ya kumweleza mtu ilivyokuwa. Ndani yake mlikuwa na gemu la nyoka.

Gemu hilo lina baba yake. Ni Taneli Armanto, mhandisi wa Nokia kule Finland, aliyeliandika kwa ajili ya Nokia 6110 iliyotoka mwaka 1997. Wazo lenyewe ni kongwe zaidi, kwani mwaka 1976 kampuni ya Marekani iitwayo Gremlin ilitoa mashine ya kuchezea iliyoitwa Blockade, ambamo wachezaji walikuwa wakiburuta mistari na kuviziana. Armanto akalipunguza mpaka likaenea kwenye kioo kidogo cha rangi mbili. Nyoka anakula, anarefuka, akijigonga anakufa. Maelezo yameishia hapo. Baba alinifundisha kwa dakika moja, na nilitumia miaka miwili kujaribu kuivunja rekodi yake.

Alikuwa mkali wa gemu lile kwa sababu ya kazi. Dereva wa watalii muda mwingi anasubiri: wageni wanakula, wageni wanapiga picha, wageni wamelala. Madereva wakiwa wengi walicheza drafti kwenye kipande cha ubao, kete zikiwa ni vizibo vya soda, za huyu zimefunikwa na za yule zimelala chali. Anayefungwa ananunua chai. Akiwa peke yake, baba alikuwa na nyoka wake. Jioni alirudi na vumbi la Ngorongoro mpaka kwenye nyusi, ananipa simu kabla hata hajavua viatu, ananiambia, "Angalia." Kumbe ameongeza pointi kumi na nane.

Halafu kulikuwa na banda la gemu mtaani. Hapa historia yetu ina kichekesho chake. Tanzania Bara ilikaa bila kituo hata kimoja cha televisheni mpaka mwaka 1994, ilhali Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini. Gemu la kuchomeka kwenye televisheni litafika vipi mahali ambapo televisheni yenyewe haipo? Kwa hiyo Nintendo walitoa mashine yao ya Famicom huko Japani mwaka 1983, Super Mario Bros. ikafuata 1985, Contra 1987, na sisi wa vijijini tukayapata miaka karibu ishirini baadaye, kwenye mashine za kuigiza zilizouzwa pamoja na redio na pasi. Tukayaona mapya kabisa! Super Mario Bros. nzima, pamoja na muziki wake na uyoga wake, ilikuwa na kilobaiti 40. Picha moja unayorushiwa WhatsApp asubuhi ni kubwa kuliko hiyo. Magemu makubwa ya leo yanapita gigabaiti 100, na ukiwa Karatu unaweza kuanza kulipakua Jumatatu ukalicheza Alhamisi, kama bando halijakata.

Banda letu baadaye likapata PlayStation, na hapo likaja Winning Eleven. Shilingi mia mbili kwa mechi, na sheria ya banda: anayefungwa anapisha. Tulikaa kumi na wawili kwenye benchi moja tukimsema anayecheza. Sitaki kudanganya kwamba ilikuwa peponi. Niliwahi kuchapwa sawasawa kwa kuipeleka hela ya mkate bandani. Lakini hela ya mkate ilikuwa na mwisho wake, ikiisha mfukoni imeisha. Mwenye banda alimjua mama yangu, na magharibi ikifika alichomoa waya wa televisheni na kutufukuza twende nyumbani. Mashine isiyomjua mama yako ni kitu kingine.

Mabadiliko yalianza na kitu cha kuchekesha. Mwaka 2006 kampuni ya Bethesda ya Marekani iliwauzia watu waliokwisha kununua gemu la Oblivion vazi la chuma la farasi, kwa dola mbili na nusu. Farasi mwenyewe hayupo, vazi halipo, na wachezaji wakawacheka sana. Walinunua hata hivyo. Mwaka 2009 gemu la FIFA likaleta mtindo wa kuunda timu kwa kufungua pakiti za kadi za wachezaji, na pakiti zaweza kununuliwa kwa hela halisi. Lile lililonila mimi ni mtoto wa mbali wa wazo hilo. Aprili 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka kwamba masanduku ya namna hii, unayoyalipia bila kujua kilichomo, ni kamari, na sheria ya kamari iyahusu. Nilipoisoma habari hiyo nikiwa mwanafunzi niliona Wabelgiji wanakuza mambo.

Linganisha na bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kila kete iko mbele ya macho ya wote wawili. Aliyeketi kando anakiona kila unachokiona wewe, ndiyo maana hanyamazi. Bado halijawahi kuwa jepesi. Mtafiti wa Kiholanzi Alex de Voogt alikaa Zanzibar na mabingwa wa bao na mwaka 1995 akatoa kitabu kizima kuhusu namna vichwa vyao vinavyohesabu. Wamaasai wa huku kwetu wana la kwao la safu mbili, enkeshui. Kule Hyrax Hill, karibu na Nakuru nchini Kenya, ambako Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938, kuna mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba, na ukienda na kete zako unacheza. Hakuna cha kupakua.

Msomaji mjanja ataniuliza: kwani wazee hawakucheza kamari? Walicheza, tena sana, na mfano mzuri kuliko yote nilioupata uko mwendo wa saa moja na ushei kutoka nyumbani kwetu. Naona aibu kusema kwamba niliujulia chuo kikuu Dar es Salaam, kwenye makala ya Mwingereza.

Mwingereza huyo ni James Woodburn, aliyeanza kuishi na Wahadzabe mwishoni mwa miaka ya hamsini, huko kando ya Ziwa Eyasi, chini ya nyanda za juu za Ngorongoro. Sisi watoto wa Karatu tuliwajua Wahadzabe kama watu wa asali na upinde, tuliowaona siku ya mnada au tukienda Mang'ola kwenye vitunguu. Woodburn aliandika kwamba wanaume wao, hasa kiangazi wanapokusanyika kambi kubwa, walitumia muda mwingi kuliko uwindaji wenyewe wakicheza mchezo uitwao lukuchuko. Vifaa vyake ni vipande vya magome ya mti. Vinarushwa kwenye shina, vinaanguka, na upande vinaoangukia ndio unaoamua nani kashinda. Hakuna ufundi wa maana, ni bahati tupu. Dau ni mishale yenye vichwa vya chuma, visu, shanga, viko vya kuvutia tumbaku, nguo.

Hapo ndipo nilipoacha kula chipsi zangu. Kwa sababu Woodburn anaeleza kitu ambacho sikukitegemea: kwamba kamari hii haikumtajirisha mtu. Aliyeshinda mishale mingi alishinikizwa aendelee kucheza, na kwa kuwa ni bahati tupu, akiendelea anazirudisha mali kwa wenzake. Kuondoka na ushindi wako ukaketi nao peke yako lilikuwa jambo gumu. Jiwe la kuchongea viko linapatikana sehemu fulani tu ya nchi yao, lakini viko vilienea kote, vikisafiri kutoka dau hadi dau. Mchezo ulifanya kazi ambayo kwetu inafanywa na soko, au na kodi, ila wao waliifanya wakicheka. Makala yake maarufu kuhusu jamii zenye usawa ilitoka mwaka 1982, na hoja hii imo humo.

Na kuna kanuni moja ambayo nimeibeba kichwani tangu Aprili, nilipoisoma makala ile kwa mara ya pili. Si kila kitu kinawekwa dau. Mwanaume wa Kihadzabe hakuweka upinde wake, wala mishale yake ya mti isiyo na sumu, wala mkoba wake wa ngozi. Unaweza kupoteza jioni moja kila kitu cha chuma ulichonacho, na asubuhi bado una upinde, bado unaweza kwenda kutafuta ndege au pimbi ukala. Watu wasio na polisi wala hakimu waliweka mpaka huo wenyewe, na mpaka ukashika.

Nikaanza kuzihesabu zile elfu themanini na tano zangu. Kwanza hazikuzunguka. Hakuna rafiki yangu aliyezipata, wala mwenye banda, wala dereva aliyenunuliwa chai. Zimekwenda mahali nisipopajua na hazitarudi kwangu hata nikibahatika vipi, kwa sababu mwenzangu wa upande wa pili hachezi, anauza. Pili, trekta la mama ulikuwa ndio upinde wenyewe. Na simu haikuniuliza.

Sijui wewe msomaji unakichukuliaje hiki. Wenzangu chumba cha habari walinicheka, mmoja akasema nimezeeka nikiwa na miaka ishirini na saba. Huyo huyo alinikopesha hela nikamtumia mama tarehe 10 Aprili, kwa hiyo sina la kumjibu.

Mei nikaenda Karatu. Mahindi ya jirani yalikuwa yamenifika kifuani, ya kwetu yalikuwa magotini. Mama alisema mwaka huu trekta zilikuwa za shida, kila mtu alichelewa. Jirani hakuchelewa, nilimwona. Sijamwambia mama ukweli. Yeye hasomi mambo ya intaneti, ila dada yangu anasoma, na nadhani ndiyo sababu nimeyaandika hapa badala ya kupiga simu.

Usiku, umeme ulipokatika, nilimuuliza baba ile Nokia ilikwenda wapi. Ilikuwa kwenye kopo la biskuti kabatini, pamoja na funguo za magari yasiyokuwepo tena. Betri ilikuwa imevimba kama andazi. Kesho yake nikapata nyingine stendi kwa elfu tano, nikaichaji kwa fundi simu, nikaiweka. Ikawaka. Nikaingia kwenye gemu, nikatafuta rekodi: 1,206. Baba akaichukua, akaisogeza mbali na macho kwa sababu haoni tena karibu, akacheka peke yake kidogo.

"Dau nini?" akaniuliza.

Nikamwambia chai. Akanipa simu nianze mimi. Nilifika 311.