Ushuaia: Bandari ya Wafungwa

Ushuaia, mji wa kusini kabisa mwa Argentina, uko kando ya mlango-bahari wa Beagle, katika nchi ya Wayaghan, waliovua kwa mitumbwi ya magome huku moto ukiwaka ndani yake. Wamisionari wa Kianglikana walihamia hapo mwaka 1869. Argentina ilipandisha bendera yake mwaka 1884. Surua iliyozuka muda mfupi baadaye iliwaua wenyeji wengi. Kuanzia 1902 wafungwa walijijengea gereza la mawe kwa mikono yao wenyewe, wakipelekwa msituni kwa garimoshi dogo kukata kuni. Gereza lilifungwa mwaka 1947. Sasa ni makumbusho, na abiria wengi wa meli za Antaktika hulitembelea kabla ya kung'oa nanga.