Injini Ngeni, Desturi Kongwe
Wapo wanaodai kwamba Camaro ya 1969 ikishakarabatiwa kisha ikatiwa injini yenye nguvu zaidi, imenajisiwa. Historia inawakana. Kwa modeli ya mwaka 1964, Pontiac ilichukua injini ya lita 6.4 ya magari yake makubwa, ikaipachika kwenye Tempest, gari la wastani, ikazaliwa GTO. Kanuni za General Motors, kampuni mama ya Pontiac, zilikataza hilo. Injini ikapenyezwa kama nyongeza ya hiari (ujanja wa karani, si wa fundi). Mwaka 1967, mjini Canonsburg, Pennsylvania, muuzaji wa Chevrolet, Don Yenko, aling'oa injini za Camaro mpya kabisa, akaweka za lita 7. Watasema namba iliyogongwa kwenye bloku ya injini ya awali ni ushahidi wa uhalisi wa gari. Kweli. Basi bloku hiyo ipakwe grisi, ifunikwe turubai, isiuzwe kama chuma chakavu.